Damu Zisizopatana

Majibu ya mkemia wa Mwanza yalifika asubuhi kwa simu ya upepo, yakikatikakatika kwa mikwaruzo, lakini neno lenyewe lilisikika vizuri: hakuna. Hakuna sumu tumboni mwa marehemu Mashimba, hakuna sumu kwenye uji, hakuna hata dawa ya kunyunyizia pamba, ambayo Bariadi nzima ilikwisha kuitaja kana kwamba kila mtu aliiona ikimiminwa.

Sajini Evalina Magese alirudisha kipokeo mahali pake. Alidhani angefurahi. Hakufurahi.

"Mkemia hajaona," alisema Afande Ngassa, mkuu wa polisi wa wilaya. "Kutoonekana siyo kutokuwepo. Ziko sumu za kienyeji ambazo vyombo vya serikali havizijui."

"Na sisi hatuzijui, afande. Tutazipelekaje mahakamani?"

"Basi mwachie."

Kumwachia Milembe, muuza uji aliyekuwa mahabusu, maana yake ilikuwa kumfungulia mlango akatembee mwenyewe hadi kwa watu wenye pinde, waliokuwa wakimsubiri kwenye geti la jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Kumshtaki maana yake ilikuwa kesi ya mauaji, na kamba mwisho wa kesi. Mama yule alikuwa na njia mbili tu, na zote zilielekea kaburini.

Tangu msimu wa pamba ufunguliwe, vibarua watatu wa jineri walikuwa wamekufa. Alianza Salu, akafuata mpakiaji mmoja kutoka Kimali, na wiki iliyopita Mashimba. Wote walikwenda kwa namna moja: mtu amefika getini asubuhi na baridi, amenunua uji, amesubiri zamu, ameshika kifua, ameanguka. Na uji ulikuwa wa Milembe, kwa sababu mama lishe mwingine pale getini hakuwepo.

Hayo peke yake yasingemtia mtu ndani. Kilichomtia ndani ni vyombo vyake. Milembe alipika katika vyombo viwili: chungu cha udongo, chenye uji wa maziwa, kwa wanaume aliowaita ndugu zake, ambao hawakutoa hata senti, na sufuria kubwa kwa wengine wote. Waliokufa walikuwa watu wa sufuria, watatu kwa watatu. Katika watu wa chungu hakuumwa hata mmoja. Juu ya hayo kulikuwa na maelezo ya Mahona, kaka yake Mashimba wa baba mmoja na mama mmoja, kwamba alimsikia Milembe akisema hadharani, "Damu yako na ya kwetu hazipatani." Evalina ndiye aliyeyaandika maelezo hayo kwa mkono wake, na kalamu haikusita. Watu ambao damu zao hazipatani ni watu wenye chuki, mtoto mdogo anajua.

Ulikuwa ushahidi mzuri. Ulikuwa mzuri mno, na hilo ndilo lililokuwa likimkosesha raha. Kesi za kweli huwa na matundu kama gunia la zamani.

Mlango ukagongwa. Aliyeingia alikuwa Mahona mwenyewe, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, pande la mtu, upinde mkononi. Aliwasalimu kwa heshima, kisha akasimama akijikanda bega la kushoto.

"Afande, watu wa nzengo, kijiji kizima, wamenituma," alisema. "Wamekaa pale getini siku ya ngapi sasa. Wanasema kama serikali imeshindwa, iseme imeshindwa. Nyumba ya yule mama wanaijua ilipo."

"Serikali haijashindwa," alisema Ngassa.

"Vizuri. Leo watasubiri. Kesho mimi sitawaweza."

Aliuhamishia upinde mkono wa kulia, akakunja uso.

"Unaumwa, baba?" Evalina aliuliza.

"Upinde umenichosha mkono. Kuushika mchana kutwa si mchezo."

Alipotoka, Ngassa alimgeukia Evalina. "Umesikia. Kabla hakimu hajafunga ofisi leo, nipe shtaka au nipe sababu ya kutoshtaki. Usiniletee huruma."

*

"Mwangaluka, mayu," Evalina alimwamkia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umeniletea kamba, au umeniletea chai?"

Milembe alikuwa ameketi juu ya blanketi la mahabusu, mwanamke mkavu, mwenye ulimi unaowasha kama pilipili. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amepikia mavi makavu ya ng'ombe tangu kuni zilipoadimika, na moshi wake ulikuwa umemla macho polepole. Huku Usukumani macho ya namna hiyo huitwa ya mchawi, na yamewaponza kina mama wengi. Wao wameshtakiwa, wamekatwa mapanga, wamechomewa nyumba. Moshi wenyewe haujawahi kushtakiwa.

Evalina alimpa kikombe cha chai, akachuchumaa mbele yake. "Nataka kurudia swali la juzi. Watu wa chungu ni nani kwako?"

"Ndugu zangu."

"Mmoja anatoka Kiloleli. Mimi ni mtu wa Kiloleli, mayu, na ukoo wao naujua mpaka kwa babu. Hamna undugu. Mwingine ni Mha wa Kigoma."

"Nilikwambia ni ndugu wa damu."

"Ndiyo, na mimi nakwambia hamna damu moja."

Milembe aliweka kikombe chini, akamtazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Ng'wanone, mwanangu, mimi nasema Kiswahili au nasema Kihindi? Walimpa Felisita damu. Binti yangu alipojifungua alimwaga damu mpaka godoro likalowa. Hospitali wakasema leteni ndugu. Ndugu gani? Mume wake yuko machimboni, mimi nikapimwa nikaambiwa damu yangu ni chache. Nikakimbia jineri nikalia pale getini. Vibarua wakapanda lori zima. Waliotoa ndio ndugu zangu, na maziwa watakunywa mpaka nife."

Evalina alimsogelea. "Lori zima. Wote walitoa?"

"Wangetoaje wote? Walitobolewa vidole kwanza. Wengine wakarudishwa."

"Mashimba alikuwemo?"

"Alikuwemo, na alikuwa wa kwanza kukunja shati. Wakampima, wakasema yake na ya Felisita hazipatani."

"Nani alisema?"

"Watu wa maabara. Mimi nimekwenda shule wapi niyajue hayo? Nilisema walivyosema wao."

Neno lile lile Evalina aliloliandika kama chuki lilikuwa neno la hospitali, limetoka kwenye maabara likapita mdomoni mwa Milembe, likafika sikioni mwa Mahona likiwa limevaa nguo nyingine. Alijionea aibu.

"Na Salu?"

"Alirudishwa."

"Yule wa Kimali?"

"Alirudishwa naye, masikini, akabaki anatazama kidole chake. Mahona pia. Waliorudishwa wote ni wa sufuria. Sasa ningewapa chungu kwa damu ipi?"

Kumbe vyombo havikuwagawa watu. Watu walikwisha kugawanywa kabla, kwenye maabara, na vyombo vilifuata tu. Evalina alisimama, lakini Milembe alimshika pindo la sketi, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimewaza sana humu ndani. Niliwatania mno. Kila asubuhi, wewe lete hela yako, damu yako haikufaa. Wanacheka, nami nacheka. Halafu wanakufa hao hao. Labda mdomo wangu una kitu ambacho hata mimi sikijui."

"Usiseme hivyo."

"Nakuambia wewe tu."

"Usiniambie hata mimi. Mayu, nisikilize. Mtu yeyote akikuuliza, usimwambie hilo neno."

Evalina alitoka haraka. Alikuwa na woga mpya sasa, kwamba mtuhumiwa wake angekiri kosa ambalo halipo.

*

Evalina alimkuta Daktari Januarius uani mwa hospitali ya wilaya, akinawa mikono. Hakuhitaji kukumbushwa habari za Felisita.

"Binti ana kundi O," alisema. "Mtu wa O hupokea damu ya O tu. Wale niliowarudisha walikuwa na A au B. Si ugonjwa huo, Sajini. Nusu ya watu unaokutana nao sokoni wako hivyo."

"Waliokufa wote walikuwa miongoni mwa uliowarudisha."

Daktari aliacha kunawa. Alifunga bomba, akafuta mikono taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Nilipompasua Mashimba," alisema, "nilikuta donge la damu limeziba mshipa wa moyo. Nikaandika hivyo. Afande wako akasema donge limeletwa na sumu."

"Lililetwa na nini?"

"Hapo ndipo elimu yangu inapokonda. Kuna wataalamu huko Ulaya wanaosema watu wa A na B wanapata mshtuko wa moyo zaidi kidogo kuliko watu wa O. Inadhaniwa damu yao ni nyepesi kuganda. Kidogo tu, nasisitiza. Mtu haanguki kwa kuwa na A. Lazima kuwe na kitu kinachomsukuma."

Alimpeleka kwenye dirisha la wodi, akapitisha kidole juu ya kizingiti. Kidole kilirudi cheusi.

"Limefutwa asubuhi hii," alisema. "Jineri ilipokuwa ya ushirika ilikuwa na dohani ndefu, moshi ulikwenda zake. Dohani ilianguka wakati wa masika. Huyu tajiri aliyeichukua baada ya biashara ya pamba kuachiwa huru ameweka bomba fupi, limechungulia ukuta kidogo tu, na makapi ya pamba yakiisha anachoma matairi. Siku isiyo na upepo moshi unalala pale pale getini, na siku hiyo wodi yangu inajaa vifua. Hilo naliona kwa macho. Mambo ya damu ni dhana. Watatu kuangukia upande mmoja inaweza kuwa bahati mbaya tu."

"Nitawaambia watu hivyo."

"Waambie moshi. Damu usiitaje."

Evalina alimtazama.

"Fikiria vizuri," alisema daktari. "Utasema mbele ya nzengo kwamba waliokufa ni wale ambao damu yao ilikuwa ya namna fulani, na kwamba Milembe alikuwepo siku damu zao zilipotazamwa, akawatenga kwa vyombo. Hapo utakuwa umemsaidia mganga kumaliza ramli."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyoudhi. Maelezo yaliyomsafisha mama yule yalikuwa na sura ile ile ya mashtaka yake. Evalina alikuwa na ukweli mkononi na hakuweza kuutumia.

"Dalili zake ni zipi?" aliuliza. "Kabla mtu hajaanguka."

"Kifua kinabana kama kimefungwa mkanda. Jasho la baridi. Wengine huumwa mkono wa kushoto, maumivu yanapanda mpaka taya, siku kadhaa kabla. Ningekuwa na uwezo ningewaita ndugu wa tumbo moja wa marehemu niwaangalie, maana moyo nao una ukoo."

Mkono wa kushoto. Evalina alimwona Mahona tena, akiuhamisha upinde na kukunja uso. Hakuaga vizuri. Alilipigia kelele gari la polisi lililokuwa linatoka langoni.

*

Upepo haukuwepo. Geti la jineri lilionekana kwa shida, na wanaume wenye pinde waliokuwa wameketi kando ya ukuta walionekana nusunusu, kama watu waliozama majini mpaka kifuani. Walikuwa wamekaa hapo tangu Milembe akamatwe, wakilinda mafiga yake asije mtu akaondoa dawa iliyofukiwa. Moshi ulikuwa na harufu ya raba, ukakwama kooni.

Mahona aliinuka alipomwona. Uso wake uling'aa kwa jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Umetuletea jibu, Sajini?"

"Nimekuletea swali, baba. Tusogee pembeni."

"Ulizia hapa hapa. Hawa ni watu wangu."

Evalina alishusha sauti. "Upinde huo umeushika tangu lini?"

"Tangu ujana."

"Umewahi kukuumiza mkono?"

Mahona aliutazama mkono wake. "Hapana. Ni juzi tu. Leo umezidi."

"Na taya?"

Alimtazama kama mtu anavyomtazama mpiga ramli aliyepatia. "Nani amekwambia habari ya taya?"

Wanaume waliokuwa karibu walianza kuinuka. Mahona alimsogelea, na Evalina akaona kwamba mtu yule mkubwa alikuwa na hofu, hofu ya siku nyingi, na kwamba ndiyo iliyomfanya awe na haraka kiasi kile ya kumwona Milembe amekufa.

"Amenifikia," alisema Mahona kwa sauti ya chini. "Mmemfungia, na bado amenifikia. Kufuli haizuii mambo hayo. Sajini, wewe ni Msukuma mwenzetu, niambie bila kunificha. Kwa nini ni sisi tuliorudishwa tu? Salu, Mashimba, na sasa mimi. Kwa nini?"

Swali lilikuwa limefika, mbele ya watu wote. Jibu lilikuwa ulimini. Evalina alilimeza.

"Tangu tumfungie, umeonja chochote chake?"

"Thubutu. Hata maji ya mji wake sijanywa."

"Basi uji tuuweke kando. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kwetu, ng'ambo ya mto. Kutwa nzima."

"Mkono uliuma?"

Alifikiri. "Hapana."

"Ulipanda hata kilima kwenda kanisani?"

"Nilipanda."

"Na haukuuma. Jumatatu ukarudi hapa?"

"Nikarudi. Ukaanza."

"Juzi jioni upepo ulivuma, watu walifurahi. Uliuma?"

Mahona aliinua macho kwenye bomba lililokuwa likitapika juu ya ukuta, jeusi, karibu kiasi cha kuguswa kwa upinde.

"Mimi ni Msukuma mwenzenu kweli," alisema Evalina, sasa kwa sauti ya wote kusikia. "Nimelelewa na hadithi hizo hizo. Lakini mchawi ninayemsikia mimi humfuata mtu hadi kitandani kwake. Huyu wa kwenu ni mchawi gani anayekaa kwenye geti la tajiri, hawezi kuvuka mto, na upepo ukivuma anakwenda likizo?"

Mtu mmoja alicheka, akajikatisha. Mahona alifungua mdomo kusema, lakini kilichotoka ni pumzi tu. Mkono wa kulia ulikwenda kifuani. Akaketi chini polepole, upinde bado mkononi.

"Mwano," alisema mtu nyuma, akitaka yowe la hatari lipigwe. "Pigeni mwano. Kamanda amerogwa. Twendeni kwa Milembe."

Pinde ziliinuka zote. Evalina alipiga magoti kando ya Mahona akalegeza vifungo vya shati lake, na katika mikono yake aliisikia baridi ya mtu yule. Alikuwa amechelewa. Kama Mahona angekufa hapo, yeye na sheria zake wasingezuia kitu. Nyumba ya Milembe ingeungua kabla ya jioni, na Felisita na kichanga chake walikuwa ndani.

"Baba," alimwambia sikioni. "Mimi hawanisikii. Wewe wanakusikia."

Mahona alimtazama. Aliunyanyua upinde kwa shida, na wanaume wakanyamaza wakisubiri amri. Wengi walikwisha kugeukia njia ya kwenda nyumbani kwa yule mama. Lakini upinde haukuelekea huko. Ulipanda, ukayumba, ukaelekea kwenye bomba.

"Hicho," alisema Mahona. "Zimeni hicho."

Hawakuelewa mara moja.

"Kamanda, na mama?"

"Si yeye. Zimeni."

Amri ya kamanda ni amri. Waliingia getini kama walivyokuwa wamejipanga kuingia kwa Milembe, wakawasukuma walinzi, wakayachomoa matairi kwa koleo na kumwaga mchanga, huku karani wa tajiri akipiga kelele kuhusu mali ya mtu binafsi. Evalina na dereva walimbeba Mahona hadi kwenye gari. Alikuwa mzito, na njia nzima ya hospitali Evalina aliomba, yeye ambaye kanisani alionekana kwa nadra.

*

Ngassa alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mahona ameangushwa na ugonjwa ule ule wa wenzake," alimalizia Evalina, "wakati mtuhumiwa yuko ndani, na ufunguo uko mfukoni mwako, afande. Na uji hajaugusa. Hiyo ndiyo sababu yangu."

"Na damu? Daktari amenipigia simu."

"Damu haimo kwenye ripoti yangu."

Mkuu wa polisi akatoa ufunguo, akauweka mezani. Baadaye tajiri wa jineri alifika kituoni kushtaki kwamba boila yake imejazwa mchanga. Evalina alimwandikia maelezo yake polepole sana, akimuuliza kila neno linavyoandikwa, na alipomaliza akamuuliza habari za dohani.

Siku ya pili Mahona aliweza kukaa kitandani. Daktari alisema moyo umejeruhiwa ila unapiga. Wanaume wa sungusungu walikuwa wamejaa kwenye mlango wa wodi, bila pinde, kwa sababu nesi alikataa. Walipisha njia Milembe alipoingia. Walimpa nafasi kubwa kuliko alivyohitaji, na hakuna aliyemgusa.

Alikuwa amebeba chungu kilichofungwa kwa khanga. Alikiweka juu ya kabati la kitanda, akafungua, na harufu ya maziwa ikasambaa.

"Mwadila," alimsalimu.

"Mwadila, mayu." Mahona alikitazama chungu. "Mimi ni wa sufuria."

"Sufuria mmeipeleka Mwanza, haijarudi."

Alijaza bakuli, akamnyooshea. Mahona alilipokea kwa mikono miwili, kisha halikwenda popote. Evalina alisimama miguuni mwa kitanda na majibu ya mkemia kichwani, akijua kwamba hakuna kitu katika uji ule isipokuwa unga na maziwa, na hata hivyo alijikuta amebana pumzi. Alijichukia kwa hilo. Milembe aliona. Aliwaona wote, mmoja mmoja, kwa yale macho yake mekundu.

Mahona alikunywa. Alikunywa mpaka chini, akafuta mdomo.

"Sukari umeibania," alisema.

Wote walimsubiri Milembe amjibu, maana pale getini hakuna mtu aliyewahi kumnyang'anya neno la mwisho. Yeye akakaa ukingoni mwa kitanda, akajifunika uso kwa khanga ya chungu, akalia.